Tarumbeta la Jirani

Sikutega sikio; walikaa nyuma yangu basini, mama mshonaji na kinyozi wasiojuana. "Kupiga tarumbeta ni uhuru wa kujieleza, mama. Katiba imempa huyo jirani yako," alisema kinyozi.

"Haikumpa ukuta wangu, mwanangu. Nilishtaki, hakimu akamkataza kupiga jioni."

Kimoyomoyo nilimuunga mkono mama. Nami nina majirani.

"Sasa unalala vizuri?"

"Alihama. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikikoroma."

"Unaona? Haki isiwekewe mipaka."

"Sijasema hivyo. Hakimu hakukosea." Basi likasimama kituoni kwake. Akachukua mfuko wake, akainuka taratibu. "Ila yule kijana alikuwa na wimbo mmoja, kila jioni anakosea palepale. Mpaka leo, saa ile ikifika, namsubiri akosee."