Saa ya Arua, Saa ya Ariwara: Tunamuaga Mzee Yasiri Loku

Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, saa kumi na moja jioni, Mzee Yasiri Loku atakabidhi funguo za ofisi yetu ya Arua. Ametumikia umma miaka thelathini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia hapa kwenye Mfuko wa Utafiti wa Mpakani. Nimekaa naye meza moja miaka kumi na miwili. Mhariri ameniomba niandike kwa utulivu, na mimi nimemwambia atafute mtu mwingine. Kwa kuwa hakumpata, wasomaji mnivumilie.

Kwa wasiotujua, Mfuko wetu hutoa fedha za umma kwa biashara ndogo na za kati zinazotaka kufanya utafiti. Sharti ni moja: mwombaji wa Uganda awe na mbia upande wa pili wa mpaka, na wote wawili wachafue mikono kwa kazi. Tulipoanza tulichekwa sana. Utafiti ni wa watu wa makoti meupe, walisema, mama mwenye mashine ya kusaga unga atatafiti nini? Mzee Yasiri hakubishana nao. Ni mtoto wa sajini, amezaliwa Koboko na kulelewa kambini, na alikuwa karani wa biashara serikalini miaka kumi na miwili kabla ya kuja kwetu. Alijua kwamba mama huyo hutafiti kila siku, ila hakuna anayemlipia makosa yake.

Ndiyo maana swali lake la kwanza kwa kila mwombaji, kabla hata ya kumkaribisha kiti, lilikuwa: "Muliharibu ngapi?" Aliyejibu kwamba hajaharibu kitu alirudishwa nyumbani. "Kama hakuna kitu imeharibika, basi hamujajaribu bado." Watengeneza sabuni wawili wa Koboko walilichukua swali hilo kwa uzito mno, wakamletea ushahidi: ndoo nzima ya sabuni iliyokataa kuganda. Ilimwagika kwenye droo yangu. Mradi wao ulipita, na droo yangu inateleza hadi leo.

Lakini hadithi ninayotaka kuisimulia ni ya muhogo wa mwaka 2022. Nimemwomba ruhusa, akasema niiandike yote au niiache yote.

Prossy Acidri ana mashine ya unga huko Ayivu. Kila msimu wa mvua muhogo wa wakulima wake ulikuwa ukiota ukungu kabla haujakauka. Mama Marcelline, fundi wa vyuma wa Ariwara, Kongo, alikuwa amebuni kikaushio cha mabati na kuni chache. Wakaungana, tukawapa ruzuku ya awamu ya kwanza wajaribu. Awamu ya pili, ya kujenga vikaushio vikubwa pande zote mbili, ingetoka kama tu muhogo ungekauka ndani ya masaa manane, yaani siku moja ya kazi. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Na tusifichane, hata sisi tulikuwa roho juu, maana kamati ya Mfuko ilikuwa imeanza kuuliza kama kweli wadogo wanaweza kutafiti.

Mzee Yasiri ana kanuni yake: mbia mmoja afungue jaribio, mwingine alifunge, ili pasiwe na wa kudanganya. Basi Prossy alikuwa akivuka mapema na muhogo wake, anaujaza kikaushioni kwa Marcelline, anaandika saa ya kuanza, kisha anarudi kwenye mashine yake. Marcelline alisubiri hadi kipande kivunjike kama chaki, ndipo akaandika saa ya kumaliza. Wakafanya hivyo mara kumi. Fomu zilionyesha masaa saba na nusu, saba na dakika arobaini, saba na nusu tena. Tulirukaruka ofisini! Mzee Yasiri akatia sahihi, ripoti ikaenda, na fedha zikapangiwa kutoka baada ya siku tisa.

Siku ya tatu alikwenda Ariwara kwa ukaguzi wa kawaida, akiwa amealikwa chakula cha saa saba. Akafika saa saba kamili, kama ilivyo desturi ya mtoto wa kambi, akakuta sufuria bado jikoni. Marcelline akamcheka. "Kwetu iko saa sita, Mzee. Kula utakula, ngoja tu."

Mzee anasema kijiko cha chai ya kusubiria kilimwanguka. Kila mchuuzi wa Arua anajua kwamba saa ya Kongo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Tumezaliwa tukilijua hilo, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyelifikiria. Prossy alianza kwa simu yake ya Uganda, Marcelline akamaliza kwa saa yake ya ukutani. Muhogo haukukauka kwa masaa saba na nusu. Ulikauka kwa masaa manane na nusu na zaidi, mara zote kumi, na aliyetunga kanuni ya kuwagawia kazi hiyo ni yeye mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Nilimwambia anyamaze, na leo naliandika hapa kwa aibu. Alibakiza miaka minne kustaafu. Jioni ile ile aliiandikia kamati barua ya mistari sita. Wa kwanza ulisema: "Nimeharibu kumi."

Fedha zikasimamishwa. Tukapewa siku tisini kurudia, na tukishindwa mradi ufungwe. Prossy alimjia juu mbele yetu sote. "Mzee, hii ukweli yako imetuua," akasema, kisha hakumsalimu mwezi mzima. Mzee mwenyewe kila Jumamosi aliwasha pikipiki akaenda Ayivu kukata muhogo. Ni hapo, kwa visu na matusi madogo madogo, walipogundua kwamba vipande vikikatwa vyembamba kama ukucha hewa hupita vizuri zaidi. Marcelline naye akarefusha dohani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Siku ya jaribio la mwisho tuliweka mezani saa mbili za ukutani, moja ya Arua na moja ya Ariwara. Nusu ya soko ilihamia uani kwa Marcelline. Kipande kilipovunjika, Mzee Yasiri alihesabu kwa saa ya kwanza, akahesabu kwa ya pili, akahesabu tena. Masaa saba na dakika ishirini, kwa zote mbili. "Mutu asituambie kitu!" Marcelline alipiga kelele. Prossy akamkumbatia mzee mpaka kofia ikadondoka kwenye majivu. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Leo vikaushio hivyo viko Ayivu, Dadamu, Koboko na Ariwara, na kamati haijauliza tena kama wadogo wanaweza kutafiti. Saa zile mbili zimekaa juu ya meza yetu hadi wiki hii, na kila fomu ina sehemu ya kujaza saa ya nchi gani.

Mzee Yasiri, asante kwa kutufundisha kuharibu bila woga na kusema bila kuulizwa. Tunakuombea afya, mvua za wakati kwenye shamba lako la Koboko, na wajukuu watakaojibu swali lako vizuri. Zawadi yako ni saa ya Ariwara. Imeshafungwa kwenye karatasi.

Ila usiizoee meza tupu mapema. Prossy na Marcelline wamemaliza ombi jipya, la wanga wa muhogo, na wanataka sahihi yako iwe ya kwanza. Tumewaambia Ijumaa tunafunga saa kumi na moja. Marcelline amejibu: "Kwetu itakuwa saa kumi. Mzee iko bado na saa moja ya kazi."

Viktoria Lako, dawati la miradi, Arua