Hakuugua kwa Muda Mfupi

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, mtoto wa pili wa seremala na mkunga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1990. Walimu walimkumbuka kwa maswali yasiyokwisha. Wenzake kwa kuwasuka wakati wa mapumziko.

Ususi ukawa kazi yake. Alifungua saluni ya viti viwili nyuma ya stendi, na wateja wakambandika jina la Mkono Mwepesi. Aprili 1996 aliolewa na baba yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyetengeneza mlango wa saluni kisha akawa anarudi kila wiki kuukagua, ingawa mlango haukuwa na kasoro yoyote.

Mwaka 2019 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Kwenye zahanati, mganga hata hakumgusa.

"Ni maziwa yameganda, mama."

"Maziwa gani, na mwanangu wa mwisho ana ndevu?"

Akapewa vidonge vya maumivu. Kila aliporudi, vidonge vilevile. Hospitali kubwa ilipomchukua kinyama cha kupima, saratani ilikuwa imeshafika kwapani.

Alikatwa titi, akatundikiwa dripu za dawa, nywele zikapukutika. Wateja nao wakapukutika, wakinong'ona kwamba ugonjwa ungewaingia kupitia kitana. Mama hakujificha. Alifungua saluni kichwa wazi, akawaambia wachache waliobaki, "Sasa sina nywele za kushindana na zenu, nawasuka bila wivu." Baba alijifunza kumsafisha kidonda na kumfunga bendeji, kazi ambayo hakumwachia mtu.

Ikabaki tiba ya mionzi, na mashine ya hospitali ikaharibika. Aliambiwa aende nyumbani asubiri simu. Alisubiri, simu mkononi, mpaka mkono ukavimba asiweze kuishika.

Alipozidiwa, baba mdogo alishauri kwamba kwenye wasifu wa msiba tuseme tu aliugua kwa muda mfupi. Mama alimsikia.

"Muda mfupi wa nani, shemeji? Andikeni saratani ya matiti. Na maziwa yale myaandike."

Tumeandika.

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 12 Machi 2022. Simu ya hospitali iliingia jana, tukipanga viti vya msiba. Walisema mashine imepona, mgonjwa aje.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, na mama mzazi aliyezalisha nusu ya mtaa huu na leo anamzika wake.

Pumzika, mama. Hasira tuachie sisi.