Madaraka ya Sheikha

Nyuma ya hoteli moja ya mtaa wa Al Mankhool, Imarati, mahali ambapo kivuli hufika mapema baada ya alasiri, pana benchi la chuma ambalo wenyewe huliita Baraza. Mubin wa Mombasa, muuza manukato aitwaye Wakili kwa kupenda ubishi, huja na chupa ya kahawa. Hudson wa Kakamega, mlinzi wa majengo, huitwa Bunge kwa kuwa hoja zake hazimaliziki. Wa tatu ni Bwana Nassor, Mzanzibari, karani mstaafu wa forodha, mgane mwenye binti mmoja; yeye ndiye Kalenda. Jioni hiyo Kalenda alikuwa amechoka. Binti yake, Sheikha, mwenye miaka thelathini na mmoja, alikuwa ameomba tena kuhamia Jumeirah Lake Towers, karibu na kazini kwake, na baba alikuwa hajampa jibu.

— Sijamkatalia, alisema Nassor. Nimempangia hatua. Waingereza hawakutoa uhuru kwa pupa. Zanzibar, tarehe 24 Juni 1963, serikali ya ndani. Tarehe 10 Disemba, uhuru kamili.

— Kwani Sheikha ni koloni, mzee? aliuliza Hudson.

— Zanzibar haikuwa koloni, Bwana Hudson. Ilikuwa nchi ya himaya.

— Hatua gani, bwana, alidakia Mubin. Zanzibar Disemba, Kenya Disemba, hapa Imarati Disemba pili, sabini na moja. Kwao Disemba ni baridi. Walitaka sherehe penye jua, khalas.

— Hapa walitangaza kuondoka tangu Januari 1968, alisema Nassor.

— Si ndiyo hiyo nasema, walikuwa wanatafuta tiketi.

— Mimi naona walichoka tu, alisema Hudson. Hata supavaiza wangu, shifti ikimshinda, ananiachia, ananiambia nimekomaa.

Mubin akamimina kahawa, akatoa hukumu.

— Sheikha apewe mambo ya ndani. Ulinzi na mambo ya nje yabaki kwa baba.

— Na mchumba? aliuliza Hudson.

— Hayo ndiyo mambo ya nje yenyewe.

— Basi na bendera. Aanike kanga roshani kwake.

— Kule ukianika nguo nje unapigwa faini.

Nassor hakucheka.

— Siku atakapokuwa tayari ataondoka, inshallah, alisema, na sauti yake ikaishia kikombeni.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi Damaris, mpokea wageni mpya wa hoteli, akingoja basi la wafanyakazi huku akinywa kahawa aliyokaribishwa.

— Samahani, mzee. Huyo dada ana kazi?

— Mwaka wa saba sasa.

— Na nyumba ameshapata?

— Ameipata.

— Sasa anangoja nini?

Wakili akatikisa chupa kana kwamba jibu limo humo. Nassor akatafuta tarehe kichwani. Badala yake alimwona Sheikha jikoni, kila Ijumaa tangu Ramadhani, akimsimamisha mbele ya jiko: maji ya wali yafike hapa, baba, kitufe cha mashine ya kufulia ni hiki, dawa ya presha baada ya kula, si kabla. Ijumaa iliyopita alikuwa ameuonja mchuzi wa baba yake, akakiweka kijiko chini taratibu, akasema: “Umekaribia kuwa tayari, baba.”

Nassor akainuka, kahawa yake ikiwa nusu.

— Unakwenda wapi, Kalenda? Magharibi bado.

— Kupika, alisema.