Kumuaga Daktari wa Vidole Vidogo

Mheshimiwa Kimaren, Diwani wetu na mgeni rasmi wa shughuli hii; Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu; laigwanani, kiongozi wetu wa jadi, na wazee wetu wa mila; Mchungaji na Katekista, ambao leo mmekaa benchi moja bila kugombana; ndugu wageni waalikwa mliopanda kutoka Karatu na vumbi lote hilo; na ninyi akina mama wenzangu mlioketi kwenye nyasi, ambao bila watoto wenu kusingekuwa na utafiti, na bila mikono yenu leo kusingekuwa na pilau. Takwenya!

Nimewasikia mkiitikia salamu. Asanteni.

Mimi naitwa Nareyu, mama yake Simel, mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa utafiti huu wa watoto wachanga. Nimepewa dakika chache nimuage Daktari Adrian, ambaye kesho anarudi kwao Rhotia kuwaaga wazazi, kisha aende Dar es Salaam kuongeza masomo. Walioniteua waliniomba nizungumze kwa heshima na kwa ufupi. Kwa heshima nitajitahidi.

Ndugu wageni, wapo kati yenu wasiojua Daktari alikuja kufanya nini huku. Siku ya kwanza alisimama hapa hapa, mrefu kama mnavyomwona, ndevu zikiwa nyingi kuliko za leo, akatuonyesha kibanio kidogo chenye taa nyekundu. Akasema kibanio hicho ukikibana kwenye kidole cha mguu cha mtoto kinasoma kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye damu, na nimonia ikianza, kinaweza kumsemea mtoto kabla hajazidiwa. Lakini sisi tunaishi juu, hewa yetu ni nyepesi, na mtoto wetu mzima huenda asisome sawa na mtoto mzima wa pwani. Yeye alitaka kujua mtoto mzima wa huku anasoma ngapi. Kwa hiyo alikuwa anatafuta watoto wasioumwa.

Mnadhani tulipiga makofi? Mume wangu Lomayani ndiye aliyenyanyuka kwanza.

"Daktari," akasema, "mimi nafuga. Bwana mifugo akija, namwonyesha ng'ombe anayeumwa. Wewe wazima unawatakia nini?"

"Baba Simel, ng'ombe wako akipunguza maziwa, unajuaje kwamba amepunguza?"

"Si najua anachotoa kila siku!"

"Basi mimi sijui watoto wenu wanatoa nini kila siku. Ndicho nilichokuja kuuliza."

Lomayani akakaa chini. Mimi ni mkewe, na nawaambieni si jambo linalotokea mara nyingi.

Shida ilianza kwenye kupima kwenyewe. Kibanio kinataka mtoto atulie. Akilia na kurusha miguu, hakisomi. Na watoto wetu wote, bila kupanga, walikubaliana jambo moja: wakiona zile ndevu, wanalia. Muuguzi Penina akamshauri Daktari ajifunze wimbo wa kubembeleza kwa Kimaasai. Akaenda kwa nani? Akaenda kwa mama mkwe wangu, Nanyokie, bibi yake Simel, ambaye kijiji kizima tunamwita Koko, yaani bibi. Yule pale mbele, mwenye shuka jekundu. Nimemwomba ruhusa ya kumsema leo. Amenipa, kwa sharti kwamba nisipunguze chochote.

Koko akamfundisha wimbo, na Daktari akauimba boma kwa boma, kwa sauti nzito ya kanisani kwao Rhotia, akiwa amefumba macho. Akina mama walicheka mpaka wakafuta machozi, na mtoto aliyepakatwa na mama anayecheka hutulia, kwa hiyo kibanio kikasoma vizuri. Daktari aliandika kwenye ripoti yake kwamba nyimbo za jadi zinasaidia. Daktari, ndugu yetu, leo unaondoka na si haki uondoke hujui. Ule si wimbo wa watoto. Ni wa kuitia ndama. Miezi yote ile ulikuwa unawaambia watoto wetu, "Njoo ndama wangu wa madoa, njoo unyonye, mama yako amekwisha kukamuliwa."

Naona Daktari anamtazama Koko. Koko anatazama mlima.

Sasa nije kwenye neno ridhaa. Kabla ya kumpima mtoto yeyote, Daktari alikuwa anatueleza kila kitu, kisha anamalizia: "Mnaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu." Sisi wengine tulisikia tukapita. Koko alisikia akapenda. Maishani mwake nani aliwahi kumwambia kwamba akikataa, haulizwi kwa nini? Wiki iliyofuata gari la utafiti lilipofika, akatoka mlangoni na fimbo yake: "Leo tumejitoa." Daktari akasema sawa, akashukuru, akaenda. Kesho yake Koko akatuma salamu kwamba tumerudi. Basi ikabidi Daktari aje aanze maelezo upya tangu mwanzo, na Koko akamchemshia chai, akaketi, akasikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Mchezo huo uliendelea. Tulijitoa kwa sababu ya mvua, na kwa sababu Muuguzi Penina hakumaliza chai yake. Kila tulipojitoa, hakuna aliyetununia, na kila tuliporudi, hakuna aliyetusimanga.

Ukaja msimu wa ukungu. Lomayani alikuwa mbali na ng'ombe. Simel alianza kukohoa, kisha akakataa ziwa, akawa anapumua haraka, mbavu zikiingia ndani. Koko akasema ni baridi tu, amelea watoto wa boma lile wote na anaijua baridi. Mimi nilinyamaza. Akina mama mnanielewa. Mtu hasimami tu asubuhi akambishia mama mkwe wake.

Gari likapita barabarani. Daktari akashuka kusalimia, akamwona mtoto mgongoni kwangu, uso wake ukabadilika. Akaomba kumpima.

Koko akamzuia kwa fimbo. "Juzi tumejitoa."

"Utafiti mmejitoa, Koko. Udaktari hamjajitoa."

Akakibana kibanio. Namba ikashuka mahali ambapo sijawahi kuiona. Koko akasema mashine ndiyo inayoumwa, akataka abanwe yeye. Akabanwa, akasoma vizuri. Akataka Daktari abanwe, akasoma vizuri. Dereva naye akabanwa. Wakati Koko anaangaza macho akimtafuta mbuzi naye abanwe, nikasikia sauti ikisema, "Mama, nampeleka hospitali," na sauti hiyo ilikuwa yangu.

Koko akanitazama. "Kwani nani amekukataza?" akasema. "Sogea, mimi nakaa mbele."

Ndugu zangu, hapo sitafanya utani. Njia nzima mtoto alikuwa mwepesi mikononi mwangu kama nguo tupu. Hospitali walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano, na Koko akakaa kando ya kitanda akiitazama ile namba, bila kula. Ilipoanza kupanda alisimama akaitangaza kwa sauti, na wodi nzima ikamjibu.

Simel alipopona, Daktari alikuja kututazama. Koko akamuuliza, "Umeandika?"

"Hapana, Koko. Mlikuwa mmejitoa. Vipimo vya siku ile ni vya matibabu yake, siwezi kuvitia kwenye utafiti."

"Akilala tu unamwandika! Leo amepigana na kifo, humwandiki?"

"Ulisema hapana," Daktari akamwambia. "Nami nililisikia neno lako."

Koko aliinama akamrekebishia mtoto shuka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nani angejua kama angeandika? Mume wangu hakuwepo, mimi nilikuwa nalia, na Koko mwenyewe ndiye aliyekuwa anambembeleza aandike. Watu wengi wamepita huku kwetu wakichukua picha zetu, maneno yetu na hata majina yetu, na ni nadra sana kuulizwa. Huyu aliombwa achukue, akakataa, kwa sababu ya hapana ya kikongwe aliyekuwa anacheza. Baada ya hapo kijiji hiki hakikuwa na boma lililomfungia mlango.

Leo zahanati yetu inajua mtoto mzima wa huku anasoma ngapi, na vibanio vinabaki hapa, mikononi mwa Muuguzi Penina. Daktari, wazee wamekupa mtamba. Najua Dar es Salaam utapanga chumba ghorofani; tutakutunzia sisi, akizaa utapigiwa simu.

Nilikuwa na ukurasa mwingine wa shukrani, lakini naona fundi wa spika anahangaika. Ndugu fundi, kipaza sauti chako ni kizima. Aliyeshika waya pale nyuma, mwenye udongo mdomoni, ni Simel. Nawashukuru wote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Naomba mnipishe, nikamkamate kabla hajaung'oa.