Dawa ya Meno kwenye Lenzi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya studio ya picha, na ukilikalia vibaya linakubana nyama ya paja hadi utoe sauti ya aibu. Wanne wanalikalia kila siku kuanzia saa nne asubuhi, chupa ya kahawa katikati. Kuna Flashi, mwenye studio, ambaye ameshika kamera miaka thelathini. Kuna Injinia, fundi baiskeli. Uinjinia alitunukiwa na benchi siku alipofufua redio iliyokuwa imeishiwa betri tu. Kuna Daktari, muuzaji wa duka la dawa, ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa. Na kuna Kamusi, karani mstaafu wa masjala, mtu asiyeruhusu neno lipite bila kulifafanua hata kama hajaombwa. Asubuhi hii masihara hayapandi. Flashi ana bahasha ya kaki mapajani. Ndani yake mna picha ya mwisho ya dada yake, picha iliyoharibika, na binti wa marehemu yuko njiani kuja kuichukua.

– Anafika saa ngapi? aliuliza Injinia.

– Kasema saa tano.

– Basi tuna saa nzima ya kupanga maneno.

– Sema kupanga uongo, alisema Kamusi. Maneno hayapangwi, yanasemwa.

– Kamusi, leo tupumzishe, baba.

Daktari akajimiminia kahawa, akapuliza, akaiacha.

– Hebu tuione tena, Flashi. Pengine jana tuliiangalia vibaya.

Flashi akaitoa. Hapana, jana hawakuiangalia vibaya. Mwanamke amekaa kwenye stuli kando ya dirisha la studio, gauni la bluu lenye mikunjo kifuani, mikono imetulia magotini, na juu ya yote hayo umetanda weupe, kana kwamba amepigwa picha ndani ya bafu la maji moto. Gauni unalitambua. Mikono unaitambua. Uso ni doa lenye nywele. Flashi alikuwa ameipeleka kwa jamaa wa kuchapisha, wakaikoleza rangi kwenye kompyuta, uso ukageuka mkaa. Akasema basi, iacheni kama ilivyo.

Na huyu dada hakuwa dada wa salamu za sikukuu, jamani. Mama yao alipofariki, Flashi alikuwa na miaka tisa, dada kumi na tisa. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfokea, ndiye aliyemshonea sare za shule. Na Flashi alipokuwa kijana mwenye kamera mbovu na ndoto nyingi, dada aliuza cherehani yake moja kati ya mbili akamnunulia lenzi. Lenzi nzuri, ya maana, ile ile iliyojaza studio wateja miaka yote hii. Lakini mwenyewe picha hataki. Ukielekeza kamera anaweka kiganja usoni. Simu zote za ukoo zimejaa viganja vyake: kiganja kwenye harusi, kiganja kwenye mahafali, kiganja na kipande cha kitambaa cha kichwa. Ndugu walikuwa wanamcheka, naye anacheka nyuma ya mkono wake huo huo.

Wiki tano zilizopita akatokea studio bila taarifa, amevaa gauni alilolishona mwenyewe.

– Nipige leo, alisema. Kabla sijabadilisha mawazo.

Akapigwa. Siku ya kumi na mbili baada ya hapo, moyo wake ukasimama akiwa anapima kiuno cha mteja.

– Mimi nasema hivi, alianza Daktari. Tusitafute mchawi, ila tuseme ukweli. Spiriti yangu niliyoifutia ile lenzi haikukwaruza kitu. Spiriti inaua vijidudu.

– Nani alikuambia lenzi ilikuwa na kidonda? aliuliza Injinia.

– Ilikuwa na alama ya kidole! Kidole kina vijidudu!

– Kidole chenyewe kilikuwa cha nani? aliuliza Kamusi.

Kidole kilikuwa cha Injinia, na wote wanne wanajua. Siku mbili kabla dada hajaja, alikuwa ameinua kamera pale benchini kuonyesha jinsi anavyoweza kuifungua na kuifunga macho yakiwa yamefumbwa. Vidole vyake vina grisi toka Jumatatu hadi Jumapili.

– Sawa, alisema Injinia. Kidole changu. Lakini kidole kilikaa pale kimetulia, hakimsumbui mtu. Aliyeanza uharibifu ni Kamusi. Alikipumulia kioo hoo! hoo! halafu akafuta kwa pindo la shati.

– Shati lilikuwa safi.

– Ulikuwa umetoka kufagia uwanja, Kamusi! Vumbi mpaka kwenye nyusi!

– Vumbi na mchanga ni vitu viwili tofauti, alisema Kamusi. Vumbi linaelea, mchanga unakaa. Mimi nilikuwa na vumbi.

– Na mate je?

– Mvuke si mate. Mate yanatemwa.

– Yako yanarukaruka, mzee, samahani.

Siku nyingine yoyote benchi lingepasuka kwa kicheko. Flashi alirudisha picha kwenye bahasha, akabonyeza ukingo wake kwa kidole gumba, akaubonyeza tena.

– Na dawa ya meno? aliuliza Daktari. Hiyo tuifiche wapi?

Injinia akakohoa.

– Dawa ya meno ninaisugulia taa za pikipiki. Taa iliyofifia inarudi kama imetoka dukani leo. Taa ni kioo, lenzi ni kioo.

– Taa nyingi ni plastiki, alisema Kamusi. Tena taa inatoa mwanga, lenzi inaingiza.

– Ndiyo hivyo basi! Injinia akachangamka. Tulisugua upande usio wake! Kama mwanga unaingia, tungesugua kwa ndani ili uende mbele. Flashi, tuifungue, nisugue upande wa pili, pande zitatoshana.

– Ile lenzi ina mtoto wa jicho, alisema Daktari. Mimi naona dalili. Weupe ule ni mtoto wa jicho kabisa. Ilazwe gizani siku arobaini ndani ya debe la mchele, itajirudia yenyewe. Na picha nayo ilazwe humo humo, ikae karibu na mama yake.

– Picha mama yake ni lenzi?

– Baba yake ni nani, basi?

– Mimi nimelala na hili jambo usiku kucha, alisema Kamusi, akashusha sauti. Kosa si la kioo hata kidogo. Marehemu, Mungu amrehemu, alizikataa picha miaka hamsini. Hata siku ile alikaa tu kwa ajili ya kumridhisha mdogo wake, nafsi yake haikuwepo pale. Kamera inapiga kinachokubali kupigwa. Gauni lilikubali, likatokea. Yeye hakukubali. Kwa hiyo ukitaka kusema nani aliharibu picha, ni yeye mwe–

– Nyamaza!

Flashi hakuwahi kupiga kelele kwenye benchi lile. Hata kikombe cha Daktari kilimwagika kidogo kwenye suruali, wala hakuifuta.

– Nyamaza, Kamusi. Dada alikubali. Alikuja kwa miguu yake. Alikaa. Hakuweka mkono. Usimsingizie dada yangu.

– Nisamehe, ndugu yangu. Mdomo tu.

– Nilikuwa najua, alisema Flashi.

– Ulikuwa unajua nini?

– Namna ya kusafisha lenzi! Nilikuwa najua! Mnafikiri miaka thelathini nilikuwa nasafisha na nini, na nguo ya ndani? Mzee aliyenifundisha kazi aliniweka miezi mitatu nasafisha tu, sijaruhusiwa kupiga hata picha ya paka. Unaanza na pampu ya mpira, ile ndogo, unapulizia vumbi litoke. Si mdomo, mdomo una unyevu na mate yana chumvi. Kamera unaiinamisha kioo kitazame chini, vumbi lianguke. Kisha brashi laini ya manyoya ambayo haijawahi kuguswa kwa mkono. Vumbi likiisha kabisa ndipo unachukua kitambaa chake maalumu, unadondoshea matone mawili ya dawa yake. Kwenye kitambaa, si kwenye kioo, la sivyo maji yanapenya pembeni yanaingia ndani. Unaanzia katikati, unazungusha kwenda nje, mkono mwepesi kama unamfuta mtoto mchanga jicho. Basi. Na kama alama bado ipo, unaiacha! Alama ndogo haionekani kwenye picha. Kioo kina ngozi nyembamba ya dawa iliyopakwa kiwandani, ukiikwangua hiyo, mwanga ukiingia unatawanyika. Dawa ya meno ina mchanga ndani yake, Injinia. Ndiyo maana inang'arisha.

Injinia alikuwa anavitazama vidole vyake.

– Sasa mbona hukusema? aliuliza Daktari, taratibu. Tulikuwa wote hapa. Kamera ilizunguka mikono yetu yote. Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo.

Flashi alijua jibu na jibu lilimtia aibu. Benchi lina sheria yake, ya zamani kuliko ubao wenyewe: hapa hakuna fundi. Anayetamka "hii kazi yangu, naijua" ananunua kahawa ya wote na anaitwa Profesa mwezi mzima. Mwaka juzi Injinia alijaribu kujitetea kuhusu breki, akaitwa Profesa mpaka mkewe akaanza kumwita hivyo. Kwa hiyo lenzi ilipoanza kuzunguka, Flashi alicheka pamoja nao. Aliona pindo la shati, akacheka. Aliona spiriti. Injinia alipoingia studio kuchukua dawa ya meno kwenye kikombe cha mswaki, Flashi alifungua mdomo, Kamusi akamkonyeza na kusema "ehe, Profesa?" naye akaufunga. Alisema moyoni atakuja kuirekebisha baadaye. Lenzi ya cherehani ya dada yake, wakaisugua kama sufuria, naye akitazama.

– Niliogopa kuchekwa, alisema. Mtu mzima na ndevu zangu, niliogopa kuchekwa na nyinyi watatu.

– Flashi...

– Na alipokuja dada, nikapiga tatu. Nikaona weupe kwenye skrini, zote tatu. Nikaufuta kwa gumba nikijua kabisa uchafu hauko kwenye skrini. Nikamwambia, dada, njoo wiki ijayo tutapiga nyingine. Akasema haya.

Daktari alivua miwani, akafuta machozi yake kwa kiganja. Injinia alisema polepole kwamba atauza ile baiskeli ya kijani anunue lenzi nyingine, na Flashi akamwambia aache, si hilo. Wote walijua si hilo.

Hapo ndipo binti akatokea kwenye kona, mtandio mweusi, mkoba begani, mwendo wa mama yake mtupu. Watatu wakasogea wampishe nafasi. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama. Pole sana. Pole mno.

– Nimeshapoa. Mjomba, shikamoo.

– Marahaba, mwanangu. Kaa.

Akakaa. Flashi alikuwa amepanga hotuba tatu, na zote tatu zilikuwa na watu wengine wa kulaumiwa ndani yake. Akaziacha. Akampa bahasha.

– Imeharibika, alisema. Lenzi ilisafishwa vibaya na mimi nilikuwepo, nikaacha. Ni makosa yangu. Sina nyingine.

Binti akaitoa picha. Akaiangalia kwa muda mrefu kuliko walivyoweza kustahimili. Injinia akaanza kusema kitu kuhusu kidole, Daktari akambana goti.

– Hili ndilo gauni tulilomzika nalo, alisema binti. Ni lenyewe.

– Ndiyo.

– Na mikono ameishusha.

– Aliishusha mwenyewe. Sikumwambia.

Akapitisha ncha ya kidole juu ya doa la uso, pole pole, kisha akaisogeza picha kwenye jua, akaiinamisha huku na huku. Akaileta karibu na macho. Akaipeleka mbali. Benchi zima lilikuwa linamfuatisha kwa shingo.

– Mimi sijawahi kumuona amekaa mbele ya kamera bila mkono usoni, alisema. Hata mara moja. Kwa hiyo sijui alikuwaje.

Akageuka.

– Mjomba, alikuwa anacheka?

Kamusi alikuwa na maelezo ya kila kitu duniani, na akatazama chini. Daktari akaitazama chupa ya kahawa. Injinia akajipangusa vidole kwenye suruali. Hawakuwepo. Aliyekuwepo ni mmoja, hatua mbili kutoka kwenye stuli, mchana kweupe.

Flashi alirudi kwenye chumba kile kwa akili yake yote. Aliona dirisha. Aliona namba za mwanga alizozipanga kwenye kamera, akazipunguza, akazipunguza tena. Aliona ule weupe kwenye skrini, na gumba lake likifuta, likifuta. Alisikia sauti ya dada ikiuliza "nikae hivi?" na yake ikijibu "hivyo hivyo" bila kuinua kichwa. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na binti angeondoka nalo maisha yake yote.

– Sijui, mwanangu, alisema. Nilikuwa naangalia kamera.