Jasusi Aliyebusu Mkono

Benchi la kahawa liko kati ya kibanda cha dobi na ukumbi wa video. Lina miguu mitatu ya mbao, wa nne ni tofali. Asubuhi ile Mdomo, anayetia sauti filamu za kigeni, alikaa upande wa tofali, roho mkononi. Jana filamu ya kijasusi ilikuja na lugha asiyoijua hata salamu. Afanyeje? Alishika maiki akatunga. Alipoona jasusi anambusu mkono bibi mmoja kitandani, akanguruma: "Mama, nchi inaniita!" Ukumbi mzima ukalia. Sasa benchi lilikuwa linagombania machozi hayo.

— Anamwacha mama mgonjwa akaokoe serikali? alifoka Pasi, dobi. Kwani serikali ndiyo iliyomnyonyesha?

— Nchi kwanza! Kamanda, mlinzi wa ghala, aligonga rungu chini. Na yule mama ndiye mkuu wa majasusi. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Mle kiganjani mlikuwa na siri!

— Siri ya nini, ya uji?

— Ramani ya ikulu, mdogo wangu.

— Basi hata maadui kawazaa yeye! Ndiyo maana wametapakaa nchi za nje: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Vita vyote vile ni ugomvi wa urithi!

Mdomo alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani.

Bosi, mwenye ukumbi, hakucheka.

— Mimi nimeambiwa filamu ile haina mama hata wa kuazima. Mdomo, nikijua unawalisha wateja wangu uongo, maiki nampa mwingine. Tena shahidi huyo anakuja.

Alikuwa mke mpya wa mwoka mikate, kaolewa kutoka nchi jirani, na chupa yake ya kahawa mkononi.

— Shemeji, karibu, alisema Bosi. Lugha ya filamu ya jana si ya kwenu?

— Ya kwetu hasa.

— Huyu bwana alitafsiri sawasawa?

Mdomo aliiona maiki inaota mabawa. Shemeji alimtazama, akamtazama tena, midomo ikamcheza.

— Kwetu hatujui kusema vizuri namna ile, alisema. Mama mkwe wangu kalia njia nzima. Tulipofika nyumbani akanishika mkono, mara ya kwanza tangu niolewe. Ila kanituma niwaulize: yule mama mgonjwa, jasusi alimwachia nani?

Kamanda alikagua rungu lake. Pasi alikunja upya shati lililokwisha kukunjwa. Nchi ilikuwa imeokoka, serikali imeokoka, na hakuna aliyejua nani kabaki na bibi.

Mdomo alishusha pumzi ambayo ingekausha mashati yote ya Pasi.

Bosi alikung'uta birika juu ya kikombe chake. Halikutoa hata tone.

— Jioni tunairudia, alisema. Na wewe Mdomo, mtafutie yule mama mtu wa kukaa naye. Watu hawajalala.