Tabibu Amesimama Mdomoni mwa Pango

BRAGE: Haloo, nani mwenzangu?

RAGNA: Mimi Ragna. Natumia simu ya kazini.

BRAGE: Aa, dada Ragna! Mbeba ngao wangu wa mchezoni! Vipi huko kaskazini, theluji imeisha?

RAGNA: Bado iko mpaka kiunoni. Brage, umezungumza na Hallgeir wiki hii?

BRAGE: Hallgeir? Hapana. Kwani ana nini?

RAGNA: Jumatatu nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Jana imezimwa. Leo pia imezimwa.

BRAGE: Labda kasahau kuichaji. Wazee hawa, dada —

RAGNA: Ana miaka hamsini na nane. Si mzee, ni mgonjwa. Niko njiani naenda kwake, nimeshavuka daraja.

BRAGE: Saa hizi? Umetoroka kazini?

RAGNA: Nimewaambia naenda kutengeneza hita ya mtu. [mkwaruzo] ...unanisikia?

BRAGE: Kwa mbali. Jirani yake je, yule mama Gunnlaug?

RAGNA: Yuko visiwa vya Kanari anaota jua na wastaafu wenzake mpaka Pasaka. Na mhudumu wa manispaa huja Alhamisi. Leo Jumatano. Haya nihesabie wewe, nani mwingine angejua?

BRAGE: Sisi.

RAGNA: Sisi. Mwaka jana alipoanguka bafuni, nani alijua?

BRAGE: Mimi ndiye nilimpigia Gunnlaug akamtazame.

RAGNA: Baada ya muda gani?

BRAGE: Dakika ishirini. Nilikuwa nimekasirika, dada, nisikudanganye. Tumekaa watano mdomoni mwa pango kama vifaranga tunamngoja mama, na yeye haingii kwenye mchezo wa kompyuta. Bila yeye, tabibu wetu, tungechinjwa wote na lile joka.

RAGNA: Dakika ishirini. Sasa ni siku ngapi?

BRAGE: Usiniambie kosa ni la toleo jipya la mchezo, lililofuta fani. Wewe mwenyewe ulikuwa unalia! Mtu anachagua fani siku ya kwanza, hajui hata kutembea, halafu miaka sita anabeba ngao —

RAGNA: Nililia, ndiyo.

BRAGE: Wale wenye mchezo walitupigisha kura. Watu walitaka uhuru. Shika upanga, jitibu mwenyewe, roga, winda, fanya utakalo. Nani anataka kufungwa maisha?

RAGNA: Na mimi nilipiga kura ya ndiyo. Sasa nina upinde na naupenda. Sikulaumu kwa hilo, mdogo wangu. Ninachotaka kujua ni Jumapili ilikuwaje. Mimi sikuwepo.

BRAGE: Jumapili... kawaida tu.

RAGNA: Brage.

BRAGE: Alikuja amevaa mavazi ya chuma. Ana upanga mpya. Nikadhani anatania.

RAGNA: Hakuwa anatania.

BRAGE: Anasema leo anatangulia yeye. Miaka sita ametazama migongo yetu, naye anataka kuliona joka uso kwa uso. Nikamwambia, mzee wangu, upanga si wako, mikono yako inatetemeka, utatuua. Kaa nyuma ututibu kama zamani.

RAGNA: Akasemaje?

BRAGE: Akasema, kumbe uhuru ni wenu.

RAGNA: Ukafanyaje?

BRAGE: Watu walikuwa wananingoja, dada! Nikamtoa kikosini. Kwa siku hiyo moja tu. Akaendelea kusema na kusema, nikamzima sauti. Tukaingia pangoni.

RAGNA: Bila tabibu.

BRAGE: Siku hizi tabibu hahitajiki. Sikumaanisha hivyo.

RAGNA: Naingia kwenye handaki. Usikate — [mkwaruzo mrefu]

BRAGE: Dada? Dada Ragna?

RAGNA: ...nimetoka. Uko nyumbani? Kompyuta iko hapo?

BRAGE: Iko mbele yangu. Nafungua mchezo.

RAGNA: Tazama aliingia lini mara ya mwisho.

BRAGE: Ngoja... Inasema yumo.

RAGNA: Yumo vipi?

BRAGE: Yumo ndani sasa hivi! Unaona? Tunajitia presha bure, kumbe mtu anacheza zake.

RAGNA: Yumo tangu lini?

BRAGE: Tangu... Tangu Jumapili, saa tisa mchana.

RAGNA: Hajatoka hata mara moja?

BRAGE: Hapana. Na mchezo huu haumfukuzi mtu hata akikaa bila kugusa kitu.

RAGNA: Yuko wapi humo ndani?

BRAGE: Ramani inaonyesha mdomoni mwa pango. Pale pale nilipomwacha. Naenda kumtazama, dakika mbili.

RAGNA: Nenda. Mimi nimebakiza kona tatu.

BRAGE: Njia nyeupe, hakuna mtu. Unakumbuka palivyokuwa hapa? Kama stendi. Watu wanapiga kelele, tabibu nani, tabibu nani, tunampa na chakula. Sasa kila mtu anapita juu kwa juu. Hakuna hata mbwa.

RAGNA: Umemwona?

BRAGE: Namwona. Amesimama. Upanga mkononi, uso ameelekeza pangoni. Hatikisiki.

RAGNA: Mwite.

BRAGE: Hallgeir! Wee mzee! Hallgeir!... Hajibu. Ila kuna kitu. Ile alama ya sauti juu ya kichwa chake inawaka na kuzimika.

RAGNA: Alama gani?

BRAGE: Ya mtu akiongea. Maiki yake iko wazi. Jumapili nilipogeuka ilikuwa inawaka hivi hivi, nikajua anaendelea kulalamika.

RAGNA: Umeshamfungulia sauti?

BRAGE: Bado.

RAGNA: Brage, mfungulie!

BRAGE: Ndiyo, ndiyo, natafuta jina lake... haya.

RAGNA: Unasikia nini?

BRAGE: Upepo. Hapana, feni ya kompyuta. Na... dada, kuna kitu kinagonga. Ko, ko. Kinakoma. Ko. Kama kijiko sakafuni.

RAGNA: Yesu wangu.

BRAGE: Anapumua. Namsikia. Anapumua kama mtu anayeburuta gunia.

RAGNA: Chukua simu yako nyingine, piga namba ya dharura, mia moja na kumi na tatu. Sasa hivi! Wape anwani: nyumba ya manjano, ya mwisho kabla ya gati. Mimi niko langoni.

BRAGE: Napiga — haloo, gari la wagonjwa, tafadhali... ndiyo, kisiwa cha Senja... ameanguka, tangu Jumapili... nimejuaje? Namsikia. Si kwa simu, kwa — nimewaambia namsikia! Dada, wanasema dakika arobaini, nimewapa namba yako. Njia ina barafu.

RAGNA: Theluji ya ngazini haina nyayo hata moja. Mlango umefungwa.

BRAGE: Vunja dirisha!

RAGNA: Ndicho ninachofanya, nina sepetu ya theluji. [kishindo]

BRAGE: Nimesikia! Nimekisikia kishindo huku kwenye hedifoni. Kugonga kumekoma. Dada, harakisha, kumekoma!

RAGNA: Naingia... baridi humu kama nje. Hallgeir! Ni Ragna!

BRAGE: Nakusikia kwa masikio yote mawili.

RAGNA: Yuko hapa. Yuko chini, katikati ya kiti na meza. Mguu umekaa vibaya. Oo, Hallgeir, pole, pole, usijigeuze. Yuko baridi. Midomo imepasuka.

BRAGE: Ana fahamu?

RAGNA: Macho yamefunguka. Ngoja nimfunike koti. Haya maji, Hallgeir, usinywe kwa pupa, polepole tu, lowesha ulimi. Hivyo.

BRAGE: Mungu asante. Mungu asante. Anasema nini? Ananong'ona, sisikii vizuri.

RAGNA: Anasema siku ya kwanza aliita. Mpaka sauti ikaisha, ndipo akachukua kijiko.

BRAGE: Aliniita mimi?

RAGNA: Polepole, Hallgeir. Tena kidogo.

BRAGE: Dada, nilikuwa nimesimama pembeni yake. Niko hatua tatu. Nimetazama ile alama inawaka, nikageuka —

RAGNA: Sasa si wakati wake.

BRAGE: Hedifoni yake iko kichwani? Nizungumze naye. Hallgeir? Mzee wangu, ni Brage. Nipo hapa. Kesho utatangulia wewe, nakuapia, sote tutakaa nyuma —

RAGNA: Nyamaza, Brage.

BRAGE: Kwa nini? Hanisikii?

RAGNA: Amekusikia. Anajaribu kuivua hedifoni, vidole havishiki.

BRAGE: Msaidie basi, labda inamuumiza.

RAGNA: Nimemvua. Anataka nizime kompyuta.

BRAGE: Mwambie kwanza nina neno moja. Moja tu.

RAGNA: Amesema nizime.

BRAGE: Dada, nakuomba —

RAGNA: Nazima.

BRAGE: ...Ametoweka. Pamebaki theluji tu hapa.

RAGNA: Watu wa gari la wagonjwa wananipigia, lazima niwapokee. Usipige huku. Nitakutafuta mimi.

BRAGE: Lini? Leo?

RAGNA: Akitaka yeye.